Madam na Muuaji wa Shamba la Kondoo

Mjukuu wangu Mwanaisha, huko Riyadh,

Ujumbe wako wa sauti tumeusikiliza sote. Mamako amepona kikohozi, na mbuzi wetu amezaa mapacha. Umeniuliza niliwezaje kukaa Jeddah nikifanya kazi za ndani kwa madam asiyezungumza.

Madam wangu wa mtaa wa Bani Malik alikuwa mjane, hasemi nami ila kuagiza kazi. Jirani yetu, nesi wa Australia, aliporudi kwao aliniachia riwaya ya upelelezi ya huko. Alasiri moja madam akanikuta jikoni naisoma. Nikajua halas, kazi sina tena.

"Kuna nini humo?"

"Mtu ameuawa kwenye shamba la kondoo, madam. Muuaji hajulikani."

Akavuta kiti. "Hebu nisimulie."

Nikamsimulia kwa Kiarabu changu kibovu, kila siku kidogo. Yeye alimshuku shemeji wa marehemu, mimi nikamshuku mpishi. Sote tulikosea, tukacheka mpaka machozi. Ndipo akanieleza alivyovaa kanzu ya kakake utotoni ili adhaniwe mvulana, akashinda mbio za punda vichochoroni mwa Balad, mji mkongwe wa Jeddah.

Kitabu kilipokwisha niliogopa kimya kitarudi. Kesho yake nikamkuta ameshatupikia chai.

"Yalla, Zuhura," akasema, "sasa nisimulie ya kwenu."

Akuombeaye kila alfajiri,
Bibi yako Zuhura