Usingizi Tulioufurahia

Yaya Clarisse, dada yangu mkubwa,

Kwenye kitanda chetu sasa ninalala na mdogo wetu Naomi. Nimemwachia upande wa ukutani, ule uliokuwa wako. Mama hajapika vinkubala tangu tulipokuzika. Sufuria yake nyeusi iko juu ya kabati, imejaa vumbi la mtaa wetu wa Katuba, na hakuna anayethubutu kuishusha.

Kuna jambo linanisumbua, na hapa nyumbani sina wa kumwambia.

Jumapili ile ulikula bukari, ugali wetu, na vinkubala, viwavi vile ulivyovipenda kuliko nyama. Ukaanza kujikuna, mikono ikajaa mabaka. Ukatuchekesha: "Muniangalie, sasa mi njo kinkubala!" Kambo, bibi yetu, akakupa kidonge chake, kile anachompa kila mtu: mwenye mafua ya vumbi, mwenye macho yanayowasha, mwenye vipele. Mwasho ukapungua. Ukakohoa, sauti ikakauka, ukalala. Sote tulifurahi. Kambo akasema, "Mumuache alale, dawa inatumika kazi yake." Tukafunga mlango polepole ili kelele za uani zisikuamshe.

Hukuamka, Yaya. Watu wakaanza kumtafuta aliyekuroga.

Mwaka huu nilimuuliza mwalimu wetu wa biolojia. Alinieleza kwamba mwili ukikosea, ukadhani chakula ni adui, unamwaga kitu kinachoitwa histamini. Histamini inatafuta mahali pa kukaa, kwenye ngozi, puani, kwenye mishipa. Ikishakaa, panawasha na kuvimba. Kidonge kinawahi nafasi ile, kama wewe ulivyokuwa ukitandika kitambaa chako kwenye benchi la kanisa ili mwingine asikae. Ndiyo maana mwasho unatulia. Lakini mwili unamwaga na vitu vingine, na koo likianza kuziba, kidonge hakiwezi kulifungua. Hapo inatakiwa sindano ya adrenalini, na haraka. Tena vidonge vya aina ile ya zamani vinafika hadi kwenye ubongo, vinaleta usingizi.

Usingizi ule. Sisi tulidhani ni kupona.

Sikumwambia mtu. Ningemwambiaje Kambo?

Wiki iliyopita Naomi alikula vinkubala kwa jirani, kwenye sikukuu ya komunyo. Alirudi akijikuna, midomo imevimba, anakohoa. Kambo tayari alikuwa na kidonge mkononi na kikombe cha maji. Nikamshika mkono. Mimi, Yaya, nikamshika Kambo mkono! Nikamwambia Naomi anakohoa kama ulivyokohoa wewe, twende hospitali. Akaweka kikombe chini. Kisha akakaza kitenge chake, akambeba Naomi mwenyewe, tukapanda pikipiki, sisi watatu nyuma ya dereva.

Muuguzi alimchoma Naomi sindano ya paja. Pumzi ikarudi, kikohozi kikatulia. Ndipo wakampa na kidonge, kwa ajili ya mabaka. Naomi akaomba biskuti. Kambo akauliza kwa sauti ndogo sana, "Na ule mukubwa, ni mie nilimulaza?" Muuguzi hakujua anamsema nani. Mimi nilijua ni wewe.

Tangu siku ile chakula hakimshuki. Mfuko wake wa dawa ameuficha, hata Papa wetu akipata mafua hampi kidonge tena.

Ulikuwa ukinitania ninapoutaja udaktari, "We utakuwa munganga ya bantu ao ya kuku?" Bado sijui, lakini ninasoma kwa bidii. Na leo, nikimaliza barua hii, nitakaa karibu na Kambo, nimwambie ukweli wote. Kwamba kidonge kile ni kizuri kwa kazi yake. Kwamba hakuna aliyewahi kutufundisha kazi hiyo inaishia wapi. Na kwamba Naomi alifika hospitali mikononi mwake yeye.

Nilitaka kukuandikia "lala salama", maneno yakanishinda. Basi kaa na Mungu, Yaya wangu. Hapa kwetu, mtu akianza kukohoa baada ya kujikuna, sitamwacha alale.

Mdogo wako,
Grâce