Boti Yetu Iliyovaa Mabati

Kalemie, Jumatano

Sijui nicheke au ninune. Tangu nisome kwamba baadhi ya manowari za kwanza za chuma za Waitalia zilikuwa za mbao zilizovikwa chuma, nilitaka boti yetu ivae vilevile. Mwaka jana jiwe liliitoboa, tukapoteza nyavu zote. Basi nikaipigilia mabati kila upande.

Leo fundi wetu, Papa Mulongo, aliijaza maji ikiwa nchi kavu, kama kawaida, aone yanavuja wapi. Hakuna tone lililotoka. Nikashangilia! Lakini maji ndani yakazidi kupungua.

"Mama," akaniambia Papa Mulongo, "yanajificha kati ya bati na mbao. Mbao zitaoza, na hautaona."

Kesho tunabandua mabati. Nikabishana: bati la mbele, linalokutana na mawe, je? Nikamsimulia zile manowari.

Akaligonga, akafikiri.

"Hili njo bati la Waitalia. Tutapaka lami nyuma yake, maji yasiingie, libaki."

Bado naogopa mawe. Ila jioni nimeanza kufuma wavu mpya.