Joho la Mama na Mkasi wa Bibi Manli

Jumanne, 10 Novemba 1925

Mdogo wangu Enpu amekuja. Muda mrefu hajakanyaga hapa, na leo kaleta mapeasi. Nikajua ana jambo. Kweli — anataka joho la Mama. Bibi Manli, mke wa tatu wa Jenerali Qiu, anataka kupigwa picha amevaa kama mabibi wa kasrini. Siku moja tu, anasema. Naye Enpu atapewa kazi ofisini kwa Jenerali.

Nikamwambia hilo ni joho atakalozikwa nalo Mama, si nguo ya maigizo. Amelitunza tangu alipokuwa akimhudumia malkia. Hata mwaka jana, mfalme alipofukuzwa kasrini, posho yetu ikakoma na sisi tukalala njaa, hatukuliuza. Tuliuza viti.

Mama akadakia kutoka kitandani: mpe mdogo wako, Huizhi, mwanamume hakai bila kazi.

Nimempa. Mapeasi yake sijayagusa.

Jumamosi, 14 Novemba

Joho halijarudi. Tumekula kabichi na mikate ya mahindi tena. Mama anauliza, namwambia bado wanapiga picha. Eti mimi ndiye namlindia Enpu heshima!

Jumatatu, 16 Novemba

Limerudi. Limekatwa.

Limekatwa magotini. Pindo lote — yale mawimbi ya rangi tano, na milima inayochomoza katikati yake — halipo. Mikono nayo imefupishwa. Enpu kasimama uani anaangalia viatu vyake. Vipya.

"Bibi Manli alitaka kulichezea dansi, Dada. Lilikuwa linamkwaza. Siku hizi nani anavaa ndefu?"

"Na mama yako azikwe miguu nje?"

"Si atafunikwa? Nani ataona?"

Nikammwagia beseni la maji. Yalikuwa baridi, bahati yake.

Kazi kapata.

Jumanne, 17 Novemba

Mama haoni vizuri siku hizi. Kaomba alishike joho. Kapapasa kola, kifua, majoka ya nyuzi za dhahabu, akashuka, akashuka, akafika kwenye mshono wa cherehani. Akaurudia mara mbili. Nikangoja alie, nilie naye.

"Usimgombeze," akasema. "Mke wake ni mjamzito."

Basi. Mimi ndiye namnyanyua, namwosha, namkorogea uji. Posa mbili nimezikataa kwa ajili yake. Na neno lake la kwanza ni la Enpu.

Nimetoka uani nikaponda makaa mpaka jirani akauliza kama tunabomoa nyumba.

Jumatano, 18 Novemba

Nimekwenda kwa jenerali. Askari wa langoni walidhani nimefuata nguo za kufua. Bibi Manli ni mtoto tu, hata ishirini sidhani kafika. Kanikaribisha vizuri, chai na mbegu za tikiti. Nilitaka awe mbaya. Hakuwa.

"Lile joho? Lakini Enpu alinipa liwe langu, Shangazi. Nikamrudishia baada ya dansi kwa sababu alililia sana. Alisema ni la marehemu mama yake."

Marehemu.

Nikamwuliza kipande kilichokatwa kiko wapi. Akaonyesha kikapu pembeni mwa jiko. Mbwa wake mdogo kakilalia. Nikamwinua mbwa, nikachukua pindo letu, nikaaga. Vipande vya mikono ya joho vilishageuzwa pochi.

Alhamisi, 19 Novemba

Nashona pindo. Manyoya ya mbwa yamejaa kwenye mawimbi, nayatoa moja moja. Enpu yuko nje anabisha. Anasema jenerali kakasirika, nirudishe kipande, la sivyo kazi itaota mbawa.

"Fungua, Dada, tuongee kama watu."

Nimeacha sindano, naandika, maana mikono hii ikikosa shughuli itamfungulia na kumpasua. Mama sijamwambia kuwa mwanawe kamzika. Tangu jana neno hilo liko kwenye ulimi wangu.

Mama kajiinua. "Huyo si Enpu? Mfungulie, nje kuna baridi."

Nimemwambia atulie.

Enpu kaisikia sauti yake. Hagongi tena. Sasa anamwita huyo marehemu wake: "Mama, mwambie Dada afungue."

Mama, ambaye hajasimama tangu kiangazi, ametoa mguu mmoja kitandani. Anautafuta wa pili.