Kidonge cha Kushuka Shimoni

Macalder, 3 Machi 2025

Kwa dada yangu Dolphine, daktari wa kuku,

Salamu kutoka chini ya ardhi. Mimi niko imara kama nguzo ya stima. Sijui wewe na wagonjwa wako huko Homa Bay. Hapa kwenye machimbo ya dhahabu naitwa Chuma, hata na pumu yangu. Kabla ya kushuka, Obare, mkubwa wetu, anamwekea kila mtu aspirini kiganjani. Unameza na chai, mgongo unanyamaza. Asiyemeza hashuki, eti ataleta mkosi.

Shida ni inhela yangu ya pumu tu, siku hizi ni kama navuta upepo. Na pua haisikii hata harufu ya soksi za Obare. Nitumie ingine kali.

Ndugu yako, Jacktone

Homa Bay, 5 Machi

Omera,

Sisi tuko salama, ndugu yangu, ila ujumbe wako wa simu umeninyima usingizi. Inhela haina makosa. Mwili unachukua mafuta yaliyo kwenye kuta za chembe hai zake, unaunda wajumbe. Kuna wapole wanaotuliza njia za hewa. Kuna wakali, leukotraini, wanaozikaza, kuzivimbisha na kuzijaza makamasi. Kwa mtu kama wewe, aspirini inawafunga wale wapole, wakali wanabaki bila wa kuwazuia. Hata nusu kidonge inaweza kukuua. Nakutumia dawa ya kuwazuia hao wakali, lakini si ruhusa ya kumeza aspirini.

Dadako, Dolphine

Macalder, 9 Machi, asubuhi

Nyamera, dada yangu,

Hujambo wewe na mafuta yako yanayotuma wajumbe? Mimi niliyeachia shule darasa la saba najua ya kukaangia omena tu. Naandika nimekaa, nikilala nazama. Dawa yako haijafika.

Nilikataa kidonge kama ulivyosema. Obare akanitoa shimoni, nikachota maji na akina mama. Chuma anachota maji. Wakaniita bibi harusi. Leo nimeomba kurudi. Usinigombeze, nimemeza nusu kidonge tu. Kifua kinabana kidogo, lakini wananiita nishuke.

Ndugu yako, Chuma

Homa Bay, 9 Machi, asubuhi

Jacktone, usishuke. Kaa wima, vuta inhela, mwonyeshe Obare ujumbe huu: akupeleke hospitali sasa hivi.

Dadako

Rongo, 9 Machi, mchana

Omera,

Napiga, simu inaita tu. Niko njiani nakuja. Maji tutachota wote, wacha wacheke. Nitukane basi, kama kawaida yako. Neno moja tu, hata ukikosa pumzi ya kulimaliza.

Dadako, daktari wa kuku