Bega la Binti Yako

Kaka yangu,

Sisi wazima, labda cherehani yangu tu ndiyo inakohoa. Mwalimu wa kumfundisha binti yako kurusha mpira wa softiboli, ule mchezo wenu wa kurusha na kudaka kwa glavu, nimempata. Walikuja wawili, wote wana vyeti. Wa kwanza alinisomea chake mpaka nikapiga miayo. Wa pili, mama mmoja mpole, alimbonyeza mtoto bega kwanza, akamuuliza, "Panauma tangu lini?"

"Tangu baba asafiri. Sina wa kunidakia, narushia ukuta."

Na mimi nilidhani ule mshindo wa kila jioni ni furaha!

Nimemchukua huyo mama. Kaagiza bega lipumzike wiki mbili. Omba ruhusa kazini, kaka, zikiisha uwe hapa. Glavu yako mtoto ameshaipaka mafuta.

Dada yako, fundi wa nguo