Hooyo, Hatukuwahesabu Waendao kwa Miguu

Mpendwa Hooyo, mama yangu,

Tangu tukuzike sijakuandikia. Leo nimeshika kalamu kwa sababu nilimdanganya dada yako.

Nakumbuka asubuhi zile tulipotoka bulla, mtaani kwetu, kwenda sokoni na maziwa ya ngamia. Wewe na dada yako, Habaryar Halima, mbele, majerikani mgongoni, mimi nyuma nimeshika shuka lako. Lori likipita mlisimama pembeni hadi vumbi litulie, kisha mkaendelea na hadithi pale pale mlipoikatiza. Ukaniambia, "Soma, uje ukae wanapoamua mambo." Nilisoma. Nikaajiriwa katika ofisi inayopanga barabara za mji wetu huu wa Garissa.

Kabla ya kupanua barabara ya soko, tulitumwa kuhesabu wanaoitumia. Fomu ilikuwa na magari, tuktuk na bodaboda tu. Nilikaa chini ya mwavuli siku nzima, akina mama wa maziwa na mikokoteni ya punda ikinipita bila kuandikwa. Nikamwuliza mkubwa wangu, "Na wanaotembea?"

"Hao watapita tu," akasema. "Mtu ana miguu."

Nilinyamaza, Hooyo. Kazi ilikuwa bado mpya. Nikatia sahihi.

Sasa kuna uzio wa chuma katikati ya barabara, na kivuko kiko mbali, karibu na kituo cha mafuta. Mwenye mzigo mgongoni atazungukaje kote huko juani? Wanawake hupenya pale uzio ulipopinda. Mwezi uliopita Habaryar alipenya, pikapu ikamgonga. Mguu umevunjika sehemu mbili.

Wodini aliniuliza, "Wewe unafanya kazi huko. Nani alichora hii barabara?"

"Sijui, Habaryar."

Jana nilimpelekea uji, nikamwambia yote: fomu, kimya changu, sahihi. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Hukutuona, au ulituona?"

"Niliwaona."

Akanirudishia kikombe, uji haujaguswa, akageukia ukutani.

Nimemwandikia mkubwa nikiomba tuhesabu upya, waendao kwa miguu wakiwemo. Hajajibu. Leo asubuhi nilisimama karibu na uzio, nikamwona mama mmoja akikusanya buibui lake, akiangalia kulia, kushoto, kulia tena. Nilitaka kumwita arudi. Lakini arudi apitie wapi?

Allah aliangaze kaburi lako, Hooyo. Msamaha siuombi kwako. Mwenye haki ya kuutoa amelala wodini, na bado hajanigeukia.

Ni mimi,
kitindamimba wako