Pemba Imekuwa Karibu, Mama

Mama,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuitikia marahaba, lakini mkono wangu umezoea kuanza barua kwa salamu, na aliyeuzoesha ni wewe. Ni mwaka na nusu sasa tangu tulipokupandisha Kinole, milimani kwao baba, kwa mazishi, siku ile ya mvua, lori likakwama na wanaume wakamalizia njia kwa miguu. Leo nimekaa kibarazani hapa Mwembesongo, Morogoro, na karatasi zilezile za mistari. Nina hamu na wewe, mama, hamu ambayo sijui niipeleke wapi.

Habari kubwa huku ni boti. Siku hizi kila kitu ruksa. Mitumba imejaa sokoni, kiwanda alichokuwa akifanyia kazi Kaka Salum kimeuzwa na yeye sasa anauza sabuni, na watu binafsi wanaleta boti zao. Hii mpya inachukua abiria kutoka Unguja hadi Pemba kwa saa chache tu. Jirani yetu Mama Rehema, yule anayefuata vitenge na sahani Zanzibar, ameipanda kwenda harusini Wete, mjini kwenu, na tangu arudi hatupumui.

Anasema tiketi imeandikwa saa ya kuondoka, na saa ikifika inaondoka kweli. Unakumbuka ulivyotusimulia meli uliyokuja nayo na marehemu baba? Mlikaa bandarini siku tatu mkiambiwa leo, mkiambiwa kesho, kisha mkasafiri mmekalia magunia, na mbuzi wa watu akautafuna ushungi wako. Sasa kila mtu ana kiti chake, na choo kipo. Mjamzito akizidiwa Pemba anafikishwa Unguja siku hiyohiyo. Hilo peke yake lingetosha kuniziba mdomo.

Lakini Mama Rehema hafichi na ubaya wa boti hiyo. Madirisha hayafunguki, na bahari ikichafuka watu wazima wanatapika kwenye vifuko mbele ya wakwe zao. Mizigo hawaitaki. Alimwona mwanamke mmoja na matenga yake mawili ya shokishoki akizuiwa palepale gatini, akaambiwa asubiri meli ya zamani. Na hiyo ya zamani, wenye uwezo wakishaihama, nani atajali kuitengeneza? Mimi naona mwisho wake mwenye tenga atabaki hana cha kupanda.

Nilimsikiliza huku nakata vitunguu, nikiwaza jambo jingine kabisa. Nimekukosea, mama, na sijapata kulitamka.

Ulipofariki tulimpigia simu mjomba kule Pemba. Bibi, mama yako, ndiyo kwanza alikuwa ametoka hospitali kwa presha. Mjomba akasema asiambiwe mpaka apate nguvu, na akaniomba niendelee kuandika, kwa sababu Bibi alizidai barua zako kila mwezi. Haikuwa kazi ngumu. Wewe hukujua kuandika. Tangu niko darasa la tatu wewe unasema, mimi naandika, na Bibi hajaujua mwandiko mwingine wako ila huu wangu. Nikaandika moja. Arobaini yako ikapita, nikaandika ya pili. Baada ya hapo sikuhesabu tena.

Mwanzoni ilikuwa huruma, naapa. Baadaye niliandika kwa ajili yangu. Nikikaa na karatasi nilikusikia. Ulikuwa ukimenya magimbi, kisu kinasimama kila unapotafuta neno, na unaniambia, "Homa usiiandike. Barua ikifika mimi nimeshapona, yeye ndiyo kwanza anaanza kulia." Nilipoandika kwamba mimi ni mzima wa afya, kwa dakika hizo ulikuwa mzima kweli. Nilishindwa kuacha, mama.

Bahari ilitufichia siri. Bibi akiuliza mbona huendi kumwona, nilisingizia meli: haina ratiba, imeharibika, imejaa. Boti ilipokuja nikakosa pa kusimama. Bibi akatuma neno kwamba sasa ni safari ya siku mbili tu kutoka Morogoro, uende akuone. Nikamwandikia kwamba mguu wako umevimba. Nimefika hapo, mama, kusingizia mguu wa mtu aliyekwisha kuzikwa.

Juzi imefika barua ya mjomba. Bibi hakulia wala hakubishana. Amefua baibui lake akamwambia, "Mguu wake unauma, wangu hauumi. Nitakwenda mimi." Mtu ambaye hajatoka Pemba maisha yake yote sasa anajitayarisha kuja Morogoro kumkanda binti yake mguu. Ameshafunga na chupa ya mafuta ya karafuu.

Salum anasema boti hii ni balaa tupu, afadhali tungebaki na meli yetu mbovu. Mjomba anataka niandike kwamba umehamia Dakawa kulima mpunga na hakuna wa kumpokea Bibi mjini. Sitakuficha, kalamu niliishika. Nilikuwa nimefika kwenye salamu nilipokumbuka jambo aliloniambia mjomba zamani, kwamba kila akimaliza sala ya alfajiri Bibi anakaa kwenye msala anakuombea afya. Mwaka na nusu mama yako anakuombea afya, na wewe unachohitaji ni rehema. Nani mwingine duniani angekuombea kama yeye? Na aliyemzuia ni mimi, kwa mwandiko mzuri na salamu nyingi. Niliichana ile karatasi nikalia mpaka Mama Rehema akaja kugonga.

Kwa hiyo naenda mimi. Nimempigia mjomba amzuie Bibi hadi Jumamosi, akanigombeza kwelikweli, kisha akasema sawa. Nitapanda hiyohiyo boti na nitatapika kwenye kifuko kama wengine. Nitakaa chini mbele ya Bibi nimwambie kwa mdomo wangu jinsi ulivyougua na siku uliyotutoka. Nitamwambia kwamba wifi zako walikupa mahali katika ardhi ya ukoo wao, na Waluguru hawampi ardhi hiyo mtu wa kuja hivi hivi, maana yake walikupenda. Akinifukuza nitakaa mlangoni. Akitaka kuja kuliona kaburi, nitamshika mkono tuvuke naye, na hapo sitakuwa na la kuisema vibaya boti.

Ninaogopa presha yake. Ninaogopa pia jambo dogo la kwangu peke yangu, kwamba nikitoka Pemba hakuna atakayesubiri barua yako tena, nami sitakuwa na sababu ya kukusikia ukinitungia maneno. Nitakuwa nimekupoteza mara ya pili, na safari hii kwa hiari yangu.

Buriani, mama yangu. Nakuahidi, Jumamosi Mungu akijaalia, mama yako atajua kwamba umefariki, na kwa mara ya kwanza atakuombea dua ya marehemu.

Mwanao,
Tatu